Nilivyomwonea Wivu Nyokabi

Mpaka leo, mtu akikata limau karibu nami, wivu hunipanda kabla hata mate hayajanijaa mdomoni. Juzi ilinipata dukani. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alinusa limau, akalirudisha, akachukua lingine akalinusa pia, nami nikasimama pale na kikapu changu, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa. Hakuna aliyeninyima kitu. Ni pua tu iliyokuwa imekumbuka chumba chetu cha Majengo, na mama yangu ameegemea mito miwili, nusu ya limau mkononi, anainusa polepole ili asitapike.

Mwenye wivu ajinyonge, ndivyo watu husema. Mimi sikujinyonga. Nilifanya jambo baya zaidi, na nilikuwa na miaka minane tu.

Tulikuwa tunaishi Nyeri mjini, vyumba viwili vya kupanga, si mbali na msikiti. Mami alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine iliyokaa kando ya dirisha. Baba alikuwa ananunua vitunguu na nyanya kwenye soko la Kagio na kuja kuwauzia wenye vibanda. Mtoto alikuwa mimi peke yangu, na niseme tu ukweli, mimi ndiye niliyekuwa natawala nyumba ile. Jioni kazi yangu ilikuwa kumshikia Mami uzi. Nilinyoosha mikono miwili mbele, yeye akiukunja kuwa mpira, tunazungumza uso kwa uso, na hakuna mtu angeweza kuingia katikati yetu maana uzi ulikuwa umeziba njia. Nilipenda saa ile kuliko chakula.

Ila kulikuwa na Nyokabi.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili ndiye hupewa jina la mama wa mama. Mimi ni wa kwanza, kwa hivyo mimi ni Wangui, sawa na mama yake Baba, mwanamke mkali ambaye sauti yake ikisikika tu langoni, Mami alikuwa anapangusa meza mara mbili. Na mtoto akipewa jina la mtu, amekuwa mtu huyo. Nikikataa kula, Mami alisema, "Haiya! Leo mama mkwe hataki sukuma wiki." Nikiamka na kisirani, "Tukimbieni, mama mkwe ameamka vibaya." Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Mimi pia nilicheka, lakini ndani nilikuwa naweka hesabu yangu.

Nyokabi alikuwa mama yake Mami. Alifariki Kangema kabla sijazaliwa, na Mami hakuwahi kuzoea kwamba ni marehemu. Wanawake wa kanisa wakikutana naye walikuwa wanamtania, "Mama Wangui, na Nyokabi anakuja lini? Mbona unamkalia?" Naye alikuwa anajibu, "Atakuja tu. Siku atakuja nitamwita Maitu, na kila kitu atasema nitasikia." Maitu ndiyo kusema mama yangu. Alikuwa anasema hivyo huku ameshika mkono wangu, na macho yake yakienda mbali, mahali mimi sijafika. Basi hesabu yangu ilikuwa hivi: mimi ni mama mkwe, huyo anayekuja ni mama. Jamani, hata mtoto wa miaka minane anajua nani atapendwa zaidi.

Halafu Mami akaanza kutapika.

Baba alinikalisha kwenye stuli akaniambia, huku akiangalia viatu vyake, "Mami ako na kitu ndani. Daktari ataitoa, halafu atakuwa sawa. Usimsumbue." Hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa. Watu wazima wa kwetu walidhani mtoto akifichwa jambo basi jambo lenyewe halimfikii. Lakini mimi nilikuwa na macho. Mama Amina, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, alikuwa ametapika hivyo hivyo, asubuhi baada ya asubuhi, kisha akaenda hospitalini na kurudi amebeba mtoto, Idi. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilijua ni nani aliyekuwa ndani ya mama yangu, na nilimchukia kwa jina.

Tata, dada mdogo wa Mami, alikuja kutoka Kangema kumuuguza. Alikuja na sheria. Muuguzi alikuwa amemweleza kila kitu, naye Tata akakishika kama amri kumi za Mungu. Asubuhi biskuti kavu zililetwa kitandani kabla Mami hajainua kichwa. Kitandani! Mimi nilikuwa nikila hata kipande cha mkate kitandani nachapwa, ati naita panya. Sahani kubwa zilikatazwa. Mami aliletewa vijiko vitatu vya viazi vya kupondwa, akikaa kidogo vijiko vingine vitatu, nusu ndizi, mala, yale maziwa ya mgando, baridi kwenye kikombe kidogo, soda iliyokorogwa kwa kijiko mpaka gesi ikaisha. Alikuwa anakunywa kwa kuonja, mara nyingi, tone kwa tone. Akiacha chakula hakuna aliyemkumbusha kwamba kuna watoto wanalala njaa. Mimi nikiacha, hao watoto wote waliletwa mezani.

Nyumbani kwetu hakukupikwa tena. Harufu ya vitunguu kwenye mafuta ilikuwa inamwinua Mami kitandani mbiombio, kwa hivyo Tata alipika kwa Mama Amina, na chakula kikaachwa huko kipoe, maana alisema kikiwa moto ndiyo kinanuka zaidi. Hata Baba hakusalimika. Alitoka Kagio akavua koti na gambuti, vile viatu vyake vya mpira, nje, akaoga kwa beseni nyuma ya nyumba, ndipo akaruhusiwa kuingia. Baba mzima, kwenye nyumba yake! Nilimwona amesimama nje na sabuni mkononi, baridi ya Nyeri inamla, nikasema moyoni, huyu Nyokabi hajazaliwa na tayari ametutoa nje.

Nywele za Mami zikaanza kubaki kwenye mto. Nikaona Nyokabi amezila na hizo. Uso wake ukavimba kidogo, mashavu yakawa ya mviringo, nami nikasema si ndiyo hiyo, ananenepa. Kisha wanawake wa kanisa wakaja na uji kwenye chupa ya chai, ndizi mbivu, na sufuria nzima ya njahi. Msomaji wa milimani amenielewa. Njahi ni maharagwe meusi wanayopikiwa wanawake waliojifungua, ili wapate maziwa na damu. Leo najua walimpikia kwa ajili ya ile damu. Siku hiyo niliketi mlangoni nikawaona wamemwekea mikono wakiomba, na walipofunga sala kwa amina, mimi sikuitikia.

Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, ni beseni. Mami akianza kutapika, Tata alikuwa anashika beseni kwa mkono mmoja na kumpapasa mgongo kwa mkono mwingine, taratibu, akimwambia, "Toa tu, toa, imeisha." Mimi nilikuwa naambiwa, "Wangui, enda ucheze nje." Mashine ya kufuma ilikuwa imefunikwa leso. Uzi ulikuwa kwenye gunia chini ya meza, na hakuna aliyekuwa ananiambia nyoosha mikono. Nilikuwa natoka nje na kusimama chini ya dirisha, nasikiliza mama yangu akitapika, na nilikuwa natamani kuwa beseni. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tembe zilikuwa ndogo, nyeupe, ndani ya bahasha ya karatasi juu ya rafu. Simu ya Tata ilikuwa inalia saa yake ikifika, naye anampa Mami moja nusu saa kabla ya kula. Siku moja nilimuuliza za nini. "Za kutuliza," akasema. "Ukingojea mpaka atapike ndiyo umpe, umechelewa." Nikaelewa kwa akili yangu: zinamtuliza Nyokabi. Zinamfanya alale vizuri humo ndani. Na asipotulizwa? Atatapikwa, atoke, mambo yaishe.

Ilikuwa likizo. Mami alikuwa ametoka kuwekewa dripu hospitalini jana yake, na siku zilizofuata dripu ndizo zilikuwa mbaya kabisa. Asubuhi hiyo Tata alipigiwa simu kwamba kuna msiba Kangema, ikabidi aende kuzika, arudi jioni. Baba alikuwa Kagio. Tata aliniita akainama mpaka macho yetu yakalingana. "Wangui, wewe ni msichana mkubwa. Mshale mrefu wa saa ukifika hapa juu na mfupi hapa, mpatie Mami dawa. Usisahau. Mama Amina ataleta chakula."

Akaondoka. Nilichukua bahasha kwenye rafu, nikaisukuma ndani ya gunia la uzi mpaka chini kabisa, nikarudi kuketi.

Saa ilipofika, Mami aliita. "Wangui, leta ile dawa."

"Imeisha, Mami."

"Imeisha? Jana si niliona zimebaki?"

"Zimeisha."

Alinitazama kidogo. Hakuwa na nguvu za kubishana. "Haya basi. Baba akikuja atanunua."

Haikupita muda. Alianza kutapika kabla ya chakula kuja, na chakula kilipokuja alikisukuma bila kukifunua. Nilikimbia nikashika beseni mimi, nikampapasa mgongo mimi, nikasema mimi, "Toa tu, Mami, toa." Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Tulikuwa wawili tena. Kichwa chake kilikuwa kimeangukia begani mwangu, joto lake lote lilikuwa langu, na Tata alikuwa mbali kwenye matope ya Kangema.

Mama Amina alichungulia mlangoni. "Mbona leo ni hivi? Amekunywa dawa yake?"

"Amekunywa," nikasema. Mami alikuwa amefumba macho. Sikujua kama amesikia.

"Maskini. Basi mwonjeshe maji kidogo kidogo. Yakikataa kukaa uniite, tumrudishe hospitali. Mtu hawezi kukauka hivi."

Maji hayakukaa. Nilimpa kijiko, kikarudi. Nikampa kingine, kikarudi na kitu cha kijani kibichi, kichungu hata kwa pua. Midomo yake ilikuwa imepauka, mikono inatetemeka. Wakati huo furaha yangu ilikuwa imeanza kuniponyoka. Nilikuwa namngojea Nyokabi atoke mambo yaishe, na hatoki. Mami alipojiinua mara nyingine na kumaliza, nililipeleka beseni kwenye mwanga wa dirisha nikalichungulia. Nilichukua kijiko nikapekua.

"Wangui." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye chumba kingine. "Unatafuta nini huko?"

Sikuweza kusema uwongo wa tatu. "Nyokabi."

Nilidhani hajanisikia, kwa hivyo nikaongeza, nikilia sasa, "Nataka atoke, Mami. Anakumaliza. Amekula nywele zako. Sitaki akuje."

Mama yangu aligeuza kichwa kwenye mto. Kisha akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa pumzi tu, na kilimwumiza akashika mbavu, lakini alicheka. "Ngai! Kwani hakuna mtu alikuambia? Kuja hapa. Wacha hiyo beseni."

Nilipanda kitandani. Alichukua mkono wangu, akaufikisha chini ya kwapa lake, kando ya titi, akabonyeza vidole vyangu. Kulikuwa na kitu kigumu humo, kama mbegu ya parachichi. Niliuvuta mkono, akaurudisha.

"Si mtoto. Ni hii. Inaitwa kansa. Ile dripu ndiyo inaiua, na ikiiua inanitapisha mimi. Ile tembe ndogo ndiyo inanisaidia nisitapike, ndiyo nikule, ndiyo nipate nguvu ya dripu ingine. Umeelewa?"

Nilielewa. Lakini wivu ni kitu cha ajabu, haukuniacha hata hapo. Nikauliza, "Na Nyokabi?"

"Nyokabi hakuna." Alivuta blanketi. "Daktari aliniambia hii dawa ni kali. Sitapata mtoto mwingine. Nyokabi hatakuja."

Nimeishi miaka mingi bila kumwambia mtu hili, na sasa nalisema: nilifurahi. Mama yangu yuko mikononi mwangu na midomo imepasuka, na kitu cha kwanza kilichonipita moyoni ni kwamba nimeshinda. Kisha nikaona anamlilia. Alikuwa ametapika siku nzima bila kutoa chozi, na sasa machozi yalikuwa yanateremka yenyewe hadi masikioni kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kuwako. "Maitu," akasema, si kwa ajili yangu. Nikamwonea Nyokabi wivu tena, upya, kwa yale machozi. Nilijua hakuna siku mimi nitaliliwa hivyo kwa jina hilo.

Nilishuka kitandani. Nilienda kwenye gunia, nikaingiza mkono mpaka begani, nikatoa bahasha. Nyuzi za rangi ya kijani za shule fulani zilikuwa zimeshikamana nayo. Niliiweka kwenye blanketi mbele yake na kusimama wima, nikingoja kuchapwa. Nilitamani kuchapwa.

Mami aliitazama bahasha. Akanitazama mimi. "Kumbe," akasema. Ni hilo tu. Akachukua tembe, akaimeza na tone la maji, akaegemea mito, akafumba macho. Nilikaa sakafuni nikiangalia ile saa. Tembe haikutapikwa. Baadaye aliomba maji, kijiko, halafu kingine. Mwanga ulipoanza kupungua dirishani alikuwa ameuma pembe ya biskuti.

Tata na Baba walifika karibu pamoja. Baba alivua gambuti nje, na Mama Amina akamweleza hukohuko uani jinsi siku ilivyokuwa. Aliingia akiwa na maji kwenye nywele. "Nasikia leo ilikuwa mbaya. Kwani dawa haikufanya kazi?"

Nilishikilia mguu wa meza. Tata alikuwa ananiangalia mimi.

"Nilichelewa kuikunywa," Mami akasema. "Nilikuwa nimelala. Lakini huyu ameshika beseni vizuri. Vizuri kama mtu mzima."

Baba akaniwekea mkono kichwani. "Wangui wangu," akasema. Ilikuwa sifa niliyokuwa nimeililia wiki zote hizo, na niliposifiwa nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo.

Mami alipona. Ilichukua dripu nyingi na upasuaji na mwaka wa kuogopa kila kikohozi, lakini alipona. Wanawake wa kanisa waliacha kuuliza juu ya Nyokabi, mmoja mmoja, kadiri walivyopata habari. Hatukuzungumza tena juu ya siku ile, mimi na yeye, hata nilipokuwa mtu mzima na ningeweza kuomba msamaha kwa maneno yenye mpangilio. Ninachokumbuka ni dripu iliyofuata, wiki tatu baadaye. Walirudi kutoka hospitalini mchana, Mami amefunga kilemba, na Tata ameshika bahasha ya dawa. Alienda moja kwa moja kwenye rafu, akapanda juu ya stuli, akaitafuta sehemu ya juu kabisa ambako mtoto hafiki.

"Usiweke huko," Mami akasema kutoka kitandani.

"Niweke wapi?"

"Mpatie Wangui. Dawa ni yake. Yeye ndiye atakuwa ananipatia."

Tata aligeuka juu ya stuli. "Huyu? Mtoto huyu?"

"Huyo."

Tata alinipa bahasha kama mtu anayetoa kisu, na mimi nikaishika kwa mikono miwili. Sikucheza nje siku hiyo. Niliketi chini ya saa mpaka mishale ikafika mahali pake, nikatoa tembe moja, nikaenda kitandani. Niliibeba katikati ya kiganja nisije nikaiangusha. Mami alikuwa anazungumza na Tata juu ya majani chai ya Kangema. Alinyoosha kiganja bila kuacha maneno yake, nikaiweka hapo, akaitia mdomoni na kuimeza bila kuiangalia.